Nilivyoitwa "Flighty" Nikashangilia

Wiki ya tatu ya BTP, siku ya Jumanne, msimamizi wangu aliingia darasani kwangu bila taarifa, akaketi dawati la mwisho kabisa karibu na dirisha lisilo na kioo, akakaa dakika 80. Wanaosoma ualimu wanazijua hizo dakika 80. Wengine wa sheria na uhasibu huko, fikirieni mnatetea ripoti ya utafiti, halafu mbele yenu wapo watoto 64 wa Kidato cha Pili na mmoja wao ameshika panzi.

Alipomaliza alinipa nakala ya fomu, akanipa mkono, akapanda gari la chuo kwenda kumkagua mwenzangu shule ya jirani. Ilikuwa shule ya kata, mkoani Dodoma, upepo mtindo mmoja, hata kuisoma fomu yenyewe ilibidi niibane kwa viganja viwili. Alama zilikuwa za kawaida. Chini kabisa, kwenye mstari wa maoni ya jumla, aliandika kwa wino mweusi: "Confident but flighty."

"Confident" nilikuwa naijua. "But" nikairuka. "Flighty" sikuwahi kukutana nayo, lakini mimi masomo yangu ya kufundishia ni Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo nina mbinu zangu. "Cloud" inazaa "cloudy", "rain" inazaa "rainy", "dust" inazaa "dusty". Basi "flight" inazaa "flighty": mwenye kuruka, anayepaa, mtu wa anga za juu. Ilinikaa vizuri kabisa. Si kuna watu wanaitwa "high-flyers", wale wanaofaulu na kupanda haraka? Nikaona na mimi nimo.

Nikaipiga picha ile fomu nikaituma kwenye grupu la familia. Baba akajibu, "Hongera mwanangu, endelea kupaa." Mjomba akaweka vipicha vinne vya ndege ya abiria. Mama, ambaye kuandika kwenye simu hakupendi, akatuma sauti: "Haya mwalimu wangu, usije ukapaa ukatusahau na kuku wetu huku Tanga." Nililala na furaha siku hiyo, sitawaficha.

Ningekuwa nimeishia hapo, aibu ingebaki ya ukoo. Lakini Alhamisi nilikuwa na kipindi kingine na Kidato cha Pili, mada ni namna ya kuunda vivumishi kutokana na nomino. Mnaona linapoelekea. Ubaoni nikaandika "dust – dusty", "rain – rainy", "salt – salty", halafu kwa majivuno yangu nikaongeza "flight – flighty". Nikawaambia maana yake ni enye kuruka. Nikawaambia watunge sentensi.

Dodoma na vumbi ni ndugu, kwa hiyo "Dodoma is dusty" nilizipata kama ishirini. Kwenye lile neno langu wengi walikwama. Ila kijana mmoja wa nyuma, ambaye wiki tatu zote alikuwa haandiki zaidi ya tarehe, aliniletea daftari lina mistari miwili. "The road is dusty. The airport is flighty." Barabara ina vumbi, uwanja wa ndege una ndege. Mantiki haina hata ufa. Nikampigia tiki kubwa, nikalisomea darasa zima sentensi yake, akainama kwa haya huku akicheka.

Kipindi kikikaribia kuisha, binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madam, na mtu anaweza kuwa flighty? Ni sifa nzuri au mbaya?"

Nikasema ni nzuri sana.

"Basi Madam ni flighty!" Wakapiga makofi, zile pa-pa-pa za shule ya msingi ambazo huwa hawazisahau.

Swali lake ndilo lililonitia wasiwasi usiku. Nzuri au mbaya? Mimi nilijuaje? Kila neno la kumsifu au kumsema mtu lina upande wake, na huo upande huwezi kuuona kwa kulikata neno vipande viwili, mzizi huku na kiambishi kule. Chumba nilichopanga mtandao ulikuwa unashika ukisimama mlangoni tu, kwa hiyo nilisimama mlangoni, saa nne usiku, nikalitafuta.

Kamusi za wanafunzi wa Kiingereza, ya Oxford na ya Cambridge, hazikupishana sana. Zote mbili zinaeleza kwamba ni mtu asiyetegemeka, anayebadilisha shughuli, mawazo na wapenzi bila kulichukulia lolote kwa uzito. Na zote mbili zinamtaja mwanamke. Si "mtu" tu. Mwanamke.

Nilikaa kwenye kizingiti. Kwanza nikawaza grupu la familia, baba na "endelea kupaa" yake. Halafu watoto 64. Halafu ndipo nikalifikia lile lililoniuma kweli: mtu alikaa dakika 80 akinitazama nafanya kazi, akatafuta neno moja la kunieleza, akapata hilo.

Usiku ule nilijiuliza kama Kiswahili kinalo. Nikianza na kuruka kwenyewe, kitenzi hiki kina mambo mengi. Ndege anaruka, chura anaruka, na sisi hatuoni haja ya vitenzi viwili. Ukiacha ukurasa umeuruka. Ukimkana ndugu yako mbele za watu umemruka. Na mwendawazimu amerukwa na akili, yaani yeye kabaki chini, akili ndiyo iliyopaa. Ukikirudia kitenzi chenyewe, "kurukaruka", tayari unamwona mtu asiyetulia.

Neno lililo karibu kabisa na "flighty" ninavyolisikia mimi ni "mapepe". Bibi yangu alikuwa ananiita hivyo. "Mtoto ana mapepe huyu," nikivunja kikombe, nikikimbilia simu isiyo yangu, nikianza kufua nikaacha nguo kwenye povu nikaenda kuangalia bibi harusi anapita. Ila mapepe hata kaka zangu walikuwa nayo. Lilikuwa neno la kukemewa, ukishatulia linaondoka. Hakuna aliyeliandika kwenye fomu.

Lakini lipo lingine, na hili lilinifanya nikae zaidi kizingitini. Kuna ndege wa usiku anayependa kutua njiani, katikati kabisa ya kijia. Ukitembea gizani unakaribia kumkanyaga ndipo anaibuka, anaruka hatua chache mbele, anatua tena njiani. Jina lake kirukanjia. Ndivyo alivyo, hana kosa. Sasa muulize mtu yeyote mtaani kirukanjia ni nani, utasikia habari za mwanamke asiyetulia na mwanamume mmoja. Wengi tunalijua tusi na hatumjui ndege. Kwa hiyo Waingereza walimchukua anayeruka wakamfanya mwanamke, na sisi tulimchukua anayeruka tukamfanya mwanamke, wala hatukuambizana. Mwanamume anayebadilika tunamwita kigeugeu, au kinyonga, na majina hayo hata mwanamke tunampa. Kirukanjia sijawahi kusikia akiitwa kaka wa mtu.

Hata hilo la Kiingereza halikuzaliwa na ubaya. Mwaka wa pili tulisoma Macbeth, na neno "flighty" limo humo. Nililipita bila kulitazama kama wengi wetu tulivyoipita tamthilia yenyewe kwa kusoma muhtasari. Macbeth amepata habari kwamba Macduff amekimbilia Uingereza. Anajilaumu kwa kuchelewa, anasema nia ni kitu cha mbio, haikamatiki isipokuwa tendo liende nayo sambamba. Hiyo nia ndiyo anayoiita "flighty". Maana yake pale ni ya kasi. Ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 17, na aliyesema ni mwanamume, jemadari, akijisema mwenyewe. Maana ya mtu asiyetulia ilikuja kushika kwenye karne ya 18. Kuna jambo jingine nalipenda hapo: Kiingereza kina "flight" mbili zinazofanana kwa sura, moja ya kuruka kwa ndege na moja ya kukimbia hatari. Macduff alikuwa na ya pili.

Ukoo wa maneno ya kuruka ni mkubwa na kila mmoja ana tabia yake. Mbuni ni "flightless", hana la kulaumiwa. Petroli ni "volatile", kutokana na neno la Kilatini la kuruka, kwa kuwa ukiiacha wazi inapaa yote. Mtu mwenye hasira za ghafla naye ni "volatile", na huyo mara nyingi ni bosi. Ila kati ya wote hao "flighty" ndiye niliyepewa mimi.

Mama alipiga Ijumaa kuuliza kama bado ninapaa. Nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwani huyo msimamizi wako anafuga?" Nikashangaa. Kumbe yeye mawazo yalikuwa kwa kuku. Nami baada ya kukata simu nikakuta kwamba hata wafugaji wanaoandika kwa Kiingereza wanalitumia neno hilo hilo kwa kuku wenye wasiwasi, wanaoruka kila ukifungua mlango wa banda. Leghorn, wale weupe wenye asili ya Italia, wanasifika kwa tabia hiyo, na wanasifika vilevile kwa kutaga sana. Hakuna anayeona ajabu kuyaandika yote mawili kwa pamoja.

Mama ana tetea mmoja wa kienyeji tunamwita Rubani. Halali bandani, analala juu ya mwarobaini. Kumkamata ni kazi ya watoto watatu na nusu saa. Mama amemsema tangu nipo Kidato cha Nne kwamba ni kuku asiye na adabu, lakini sikukuu zinakuja na kupita, kicheche kimekula wenzake wote waliokuwa wanalala kistaarabu, na Rubani yupo.

Wiki iliyofuata nilimfuata msimamizi. Alikuwa na siku moja ya kukaa kituo kikuu kupokea shida zetu. Nilipanda daladala mbili na bodaboda moja, nikiwa na maneno mazito kichwani, yote kwa Kiingereza. Nilipofika mlangoni yakaisha.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Kaa. Una tatizo la posho na wewe?"

Nikamwambia tatizo langu ni neno moja. Nikaitoa fomu. Akavaa miwani, akaisoma kama imeandikwa na mtu mwingine.

"Sasa hapa hujaelewa nini? Wewe unarukaruka," akasema. "Ulianza wakati uliopita, ukaenda vizuri. Yule kijana wa nyuma akauliza mbuni ana mabawa ya nini kama haruki, ukaacha somo ukaenda kwa mbuni. Kutoka kwa mbuni ukaenda Serengeti. Nusu saa! Andalio lako la somo lina mbuni?"

Halikuwa na mbuni. Na hapa niwe mkweli, kwa sababu ningeweza kuandika makala hii yote bila kusema: alikuwa na haki. Kipindi kiliisha sijafika zoezi la mwisho, na wale watoto wana mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili ambao hautauliza mabawa ya mbuni. Ninachoweza kusema upande wangu ni kwamba yule kijana wa nyuma hakuwahi kufungua mdomo kabla ya siku hiyo, na nilihisi nikimwambia "hilo siyo somo la leo" hataufungua tena.

Nikamwuliza kwa nini hakuandika hivyo, kwamba natoka nje ya mada. Akasema mstari wenyewe mfupi, na fomu inajazwa kwa Kiingereza. Kichwani alikuwa na "anarukaruka". Akafikiria "jumpy", akaiacha kwa kuwa hiyo ni ya mtu mwenye hofu, anayeshtuka ovyo. Ndiyo ikaja "flighty".

Nikampa simu, ukurasa wa kamusi ukiwa wazi. Alisoma. Akashusha skrini kwa kidole, akasoma tena ule mfano. Akavua miwani.

"Aah," akasema. "Hili la mwanamke silo nililokusudia."

Nilimwamini, na bado namwamini. Yaani tulikuwa Waswahili wawili. Mmoja aliwaza kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza, mwingine akasoma kwa Kiingereza akafurahi kwa Kiswahili, na neno lenyewe limepita katikati yetu sote wawili halijulikani. Tungeongea tu siku ile nje ya darasa, dakika tano, "binti yangu, punguza mbuni," yangeisha.

Kuna jamboo moja sikumwuliza. Mwenzangu wa shule ya jirani, mwanamume, rafiki yangu kabisa, alikaguliwa siku ileile na mtu yuleyule. Alitumia robo ya kipindi kueleza penati ya Simba na Yanga, akidai anafundisha wakati timilifu. Fomu yake imeandikwa "energetic". Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni kabisa. Nikaaga nikaondoka nayo. Sijui mngefanyaje nyinyi. Mimi nilikuwa bado nina ukaguzi mmoja mbele yangu.

Nilipofika mlangoni niliuliza kama linaweza kubadilishwa. Akasema fomu ikishaingia kitivoni haifutwi, ila safari ijayo ataandika vingine. Na kweli aliporudi wiki ya saba aliandika "Improved". Rafiki yangu anasema hiyo ni mbaya zaidi, maana anayesoma faili atataka kujua nimeponea wapi.

Ikabaki Kidato cha Pili. Walimu wa pale ofisini walinishauri nikae kimya. Mmoja, mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi, alicheka mpaka akafuta machozi, akaniambia, "Mwanangu, ukienda kusema umekosea watakuwa wanakuuliza kila neno." Nilipima ushauri wake siku mbili. Lakini nikawa namwona yule binti wa mbele, miaka kadhaa baadaye, kwenye usaili fulani, akijisifu kwa Kiingereza kwamba yeye ni "flighty" na wenye meza wakitazamana.

Nikaingia, nikaandika neno ubaoni, nikasema neno hili niliwafundisha vibaya. Darasa likanyamaza kwa namna ambayo hata panzi wangesikika. Nikawaeleza kwamba linasema mtu asiyetulia, kwamba si sifa nzuri, na kwamba mara nyingi hupewa wanawake.

"Kwa nini wanawake, Madam?" Binti wa mbele.

Nikawauliza kama wanamjua kirukanjia. Wavulana wakaangua kicheko, wasichana wakatazama madawati. Nikawaambia ni ndege. Hakuna aliyejua isipokuwa kijana wa nyuma. Yeye anachunga mbuzi wa babu yake na wakirudi jioni wanamkuta njiani. Akaeleza anavyokaa, anavyofanana na majani makavu, anavyongoja mpaka dakika ya mwisho. Akaeleza kwa Kiswahili, na mimi nikaandika Kiingereza chake ubaoni, sentensi baada ya sentensi, kipindi kizima. Andalio langu siku hiyo lilisema viunganishi.

Kengele ilipolia akaja mezani na daftari lake, limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa "The airport is flighty".

"Madam, tiki yangu unaifuta?"

Nikamwambia aiache.